Pikipiki yangu ya kwanza na sketi niliyoishonea

Dada zangu wa visiwani, nilipokuja Unguja mara ya kwanza kwenye harusi, kilichonishangaza zaidi hakikuwa bahari. Ni wanawake waliovaa mabuibui wakipita na vespa, wametulia kama wamekaa sebuleni. Mimi natoka Sumbawanga, na kwetu kupanda pikipiki kuliniletea ugomvi na mama yangu mzazi.

Vespa ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1946, na kampuni ya Piaggio iliyokuwa ikitengeneza ndege. Mhandisi aliyeichora, Corradino D'Ascanio, hakuzipenda pikipiki za wakati ule. Aliweka pa kukanyagia miguu mbele na injini akaifunika, nguo isishike mafuta. Mwenye sketi akapanda bila shida. Mwaka 1958 Honda wa Japani nao wakatoa Super Cub, ambayo pia mguu unapita katikati.

Hizo hazikuwa pikipiki za utoto wangu Ufipa. Sisi tuliona za mapadre na mabwana shamba, ndefu, zenye tangi mbele, ambazo lazima urushe mguu juu. Baadaye zikaja za Kichina na Boxer za India, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni kwa pikipiki zinazobeba abiria. Jina la bodaboda tulilikuta tayari. Lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Vijana wakajaa vijiweni. Mwanamke alikuwa abiria, amekaa upande, miguu yote inaning'inia.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa Marekani wa mwaka 2008, ilirahisisha safari za mabasi, lakini wateja wangu walikuwa ndani vijijini. Kila Januari nauli ya bodaboda ilikula faida yangu yote. Mwaka 2014 nikanunua SanLG iliyotumika kwa laki tisa.

Mama alipoiona uani alikaa kimya mpaka jioni. Kisha akasema, "Mwanangu, utatanua miguu mbele za watu?" Hakuwa mkali. Aliona aibu, na hilo liliniuma zaidi.

Mdogo wangu wa kiume alinifundisha kwenye kiwanja cha shule, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala kwa baridi. Kiki nilipiga mpaka kifundo kikavimba. Klachi ndiyo iliyonitesa: nikiiachia haraka inaruka na kuzima, nikiiachia taratibu mno nakanyaga moto bure, injini inalia na haiendi. Siku ya nne nilienda mpaka golini na kurudi. Kupinda kona nilijifunza kwa kuanguka.

Suala la mama nililimaliza kwenye cherehani. Nilikata suruali pana sana kwa kitambaa kizito cha sare, nikaiwekea rinda kubwa mbele na nyuma. Ukisimama ni sketi. Ukipanda, rinda linafunguka na goti halionekani. Mama aliigeuza ndani nje, akakagua mishono, akanirudishia bila neno.

Januari iliyofuata nilikuwa na oda ya mashati meupe arobaini, shule inafunguliwa kesho yake. Nilipoacha lami na kuingia njia ya kijijini, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gurudumu la nyuma likateleza, nikalala upande mmoja na furushi upande mwingine. Mfuko ulipasuka. Ninyi mna mchanga mweupe. Udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye shati jeupe ni kama rangi.

Nilirudi nyumbani nalia, nikijua nitakachoambiwa. Mama alitazama goti langu, akatazama mashati, akachukua beseni. Tulifua mpaka usiku, tukayakausha juu ya jiko la mkaa na kupiga pasi moja moja. Asubuhi alilifunga furushi mwenyewe kwa mpira, akavuta mara mbili kulijaribu. "Pale penye tope ushuke uisukume," akasema.

Mashati matatu hayakutakata. Niliyashona upya kwa hasara yangu.