Teknolojia Darasani: Ni Nani Anayefanya Kazi ya Kufikiri?

Mwaka 2016 nchi jirani ya Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Hapa Tanzania, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao. Ndiyo maana mzazi anayetafuta shule siku hizi huuliza mapema: je, mna kompyuta? Swali hilo ni halali, lakini linatanguliwa na jingine: kifaa kinapowekwa mbele ya mtoto, ni nani anayefanya kazi ya kufikiri?

Kujifunza ni tendo la mwanafunzi

Swali hili ni la kale kuliko kompyuta. Mnamo mwaka 389 hivi, Mtakatifu Agostino aliandika kitabu kiitwacho De Magistro, yaani Juu ya Mwalimu, kwa mtindo wa majadiliano kati yake na mwanawe Adeodato. Humo anafundisha kwamba maneno ya mwalimu ni ishara zinazoelekeza tu; ukweli wenyewe mwanafunzi huutambua ndani yake, anakofundisha Kristo, Mwalimu wa ndani. Katika karne ya 13, Mtakatifu Thomas wa Akwino alimlinganisha mwalimu na tabibu. Tabibu husaidia, lakini mwili wa mgonjwa hupona kwa nguvu ya uhai iliyomo ndani yake. Ikiwa hata mwalimu hodari hawezi kuelewa kwa niaba ya mwanafunzi wake, mashine haitaweza.

Mafundisho ya uzoefu

Mwaka 2008 Peru ilianza kugawa kompyuta ndogo za mkononi kwa watoto wa shule, na zikafikia mamia ya maelfu. Uchunguzi uliofanyika katika shule 319 za vijijini, uliotangazwa mwaka 2012, ulionesha kwamba baada ya miezi 15 hivi watoto walikuwa wamezoea kutumia kompyuta, lakini maendeleo yao katika hisabati na lugha hayakuwazidi wenzao wasiopewa. Vifaa vilifika, lakini ufundishaji ulibaki vilevile.

Mjini Delhi, India, matokeo yalikuwa tofauti. Katika vituo vya masomo ya ziada, wanafunzi walitumia programu iliyopima kwanza kiwango halisi cha kila mmoja, kisha ikampa mazoezi ya kiwango hicho, hata kama kilikuwa chini ya darasa alilokuwemo. Walikuwa pia na msimamizi aliyewasaidia katika vikundi vidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba baada ya miezi minne na nusu walikuwa wamepiga hatua kubwa kuliko wenzao, katika hisabati na katika Kihindi. Hapa mashine haikumpa mtoto jibu, bali ilimpa swali analoweza kulihangaikia.

Upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, unaowahusu vijana wa miaka 15, unaonesha pande zote mbili. Katika nchi wanachama wa OECD, waliotumia vifaa vya kidijitali kujifunzia shuleni hadi saa moja kwa siku walipata wastani wa alama 14 zaidi katika hisabati kuliko wasiovitumia kabisa. Lakini waliosema kwamba huvurugwa na vifaa vya wenzao darasani walikuwa nyuma kwa takriban alama 15. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kifaa pekee ndicho chanzo, lakini zinatukumbusha kuwa umakini wa mwanafunzi ni mali ya kulindwa.

Kishawishi cha jibu lililo tayari

Leo akili mnemba inaweza kuandika insha nzima kwa dakika moja. Hati Antiqua et Nova, iliyotolewa Januari 2025 na Mabaraza ya Kipapa ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa na ya Utamaduni na Elimu, inakiri kwamba teknolojia hii inaweza kuwa msaada mkubwa katika elimu. Hata hivyo inaonya kwamba programu zinazotoa majibu badala ya kumwongoza mwanafunzi ayatafute zinaweza kudhoofisha uwezo wake wa kufikiri. Mwanafunzi aliyenakili insha ana karatasi iliyojaa, lakini hakupitia kazi ya kutafuta neno, kulifuta na kulitafuta tena. Kazi hiyo ndiyo ingemfundisha. Siku ya mtihani wa taifa atakuwa peke yake na kalamu yake.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wakuu wa shule na kamati zao: kabla ya kununua vifaa, tujiulize ni somo gani linalotusumbua na kifaa kitalisaidiaje. Tutenge pia fedha za umeme, matengenezo na mafunzo ya walimu. Vinginevyo tutajaza chumba vifaa vyenye vumbi.

Kwa walimu: mwanafunzi ajaribu kwanza kwa akili na kalamu yake, ndipo atumie kifaa kujisahihisha. Baada ya hapo afunge kioo na kueleza kwa maneno yake alichokielewa.

Kwa wazazi: tusiulize tu, "Umemaliza kazi ya shule?" Tumwambie mtoto, "Hebu nieleze ulivyoifanya." Mzazi asiyejua kutumia kompyuta anaweza kuuliza hivyo, na kutokana na jibu la mtoto atatambua kama kazi ilifanywa na mwanawe au na mashine.

Kifaa kinachomwamsha mtoto kufikiri tukipokee kwa shukrani. Kinachofikiri badala yake tukiweke kando, hata kama tumekipata bure.