Weusi wa Sevilla na Ugomvi wa Alhamisi Kuu

Kijitabu nilichopewa hotelini Sevilla, nilipokwenda likizo wakati wa Juma Kuu, kilikuwa na sentensi moja tu kuhusu Los Negritos: kwamba ni chama cha ibada ambacho askofu mkuu mmoja mwema aliwaanzishia watumwa weusi. Sentensi moja! Maua ya majukwaa ya kubebea sanamu yalipewa ukurasa, bendi zikapewa ukurasa, na samaki wa kukaanga wakapewa kurasa mbili. Nimerudi nyumbani na sentensi ile imenikwama kooni kama mwiba.

Juu ya asili yenyewe sina ubishi. Gonzalo de Mena, askofu mkuu wa Sevilla tangu 1393 hadi kifo chake mwaka 1401, aliwafungulia weusi hospitali nje ya ukuta wa mji, upande wa Lango la Carmona, na chama kikakulia hapo. Baadaye Wareno wakaanza kushusha watu kutoka pwani ya Guinea, na hesabu ya kanisa ya 1565 ikakuta watumwa 6,327 katika mji wa watu 85,538. Si wote waliokuwa weusi, na hao weusi hawakutoka kwetu Afrika Mashariki. Sikwenda kutafuta mababu.

Anayenikera zaidi ya kijitabu ni Diego Ortiz de Zúñiga, mwandishi wa historia ya Sevilla. Katika kumbukumbu zake za mji, zilizochapishwa 1677, anasifu upole ambao weusi wa Sevilla walitendewa tangu enzi za mfalme Enrique III: waliruhusiwa kukusanyika siku za sikukuu na kucheza ngoma zao, na hata walikuwa na mkuu wao wa kuwatetea mbele ya mabwana na kuamua kesi zao. Mmoja wa wakuu hao, Juan de Valladolid, aliteuliwa na malkia Isabel na mfalme Fernando mwaka 1475, na watu wakamwita Conde Negro, yaani Kabaila Mweusi. Lakini msomeni Zúñiga mpaka mwisho. Mwenyewe anaeleza faida ya ngoma hizo: watumwa walikuja kazini kwa moyo zaidi na kuuvumilia utumwa. Huo ni upole wa mtu anayempaka punda mafuta mgongoni ili abebe zaidi. Ajabu ni kwamba waandishi wengi waliomfuata walinakili sifa na kuiacha sababu.

Basi nendeni Alhamisi Kuu ya mwaka 1604. Siku hiyo Los Negritos walikutana barabarani na chama cha La Antigua, chama cha watu wa nasaba, na ukazuka ugomvi wa nani apite kabla ya nani. Wakapigana, na shauri likafika kwa wakuu wa kanisa. Mashahidi wakaeleza yale ambayo weusi walizoea kuyapata kila walipotoka na sanamu zao: watazamaji waliwacheka, wakawazomea, wengine wakawachoma kwa pini. Pini! Mtu yumo katika toba, amebeba mshumaa, na mwungwana wa mjini anamdunga ubavuni ili watoto wacheke. Waliotaka wakomeshwe wakaigeuza aibu hiyo kuwa hoja: kwa kuwa weusi wanachekwa, weusi ndio wanaoharibu ibada.

Mimi naona jambo jingine katika ugomvi ule. Vyama vya Sevilla hupangana kwa umri. Chama kikongwe kina heshima ambayo fedha haiwezi kuinunua. Mwaka ule askofu mkuu, Fernando Niño de Guevara, alikuwa ameitisha sinodi iliyoamuru vyama vya mjini vyote vipitie kanisa kuu, na vile vya mtaa wa Triana viende kanisa la Santa Ana. Njia zikiwa moja, swali la nani atangulie linakuwa kali. Na Los Negritos walikuwa na kitu ambacho wenye nasaba hawakuweza kuwanyang'anya, yaani miaka. Mwanzo ambao kijitabu changu kinausimulia kama sadaka ya askofu, wao waliushika kama hati ya shamba. Mtu aliyepewa fadhila huinama na kushukuru. Hawa walipigania nafasi yao.

Wala hawakuondoka. Mwaka 1622 wana Kristo mpya msalabani, kazi ya Andrés de Ocampo, mmoja wa wachongaji mahiri wa mji, na ndiye anayetoka hadi leo. Mwaka 1653 wawili kati yao, watu huru, walijitoa wauzwe ili ipatikane fedha ya sherehe ya Bikira Maria. Wasimulizi hulitaja hilo kwa machozi ya uchaji. Mimi ninajiuliza ni mji gani huo ambapo mwili wa mtu mweusi ndio rehani iliyokubalika haraka.

Yaliyobaki ni ya kupita. Weusi wakapungua, karne ya 19 wazungu wakaingia chamani, na Mei 2019 sanamu ya Bikira wa Malaika ikavikwa taji kwa idhini ya kanisa. Mwanahistoria Isidoro Moreno alikwisha kuandika kitabu kizima juu yao mwaka 1997, kwa hiyo waandishi wa vijitabu hawana kisingizio.

Alhamisi Kuu nilisimama karibu na kikanisa chao, mtaa wa Recaredo, ubani ukinichoma macho. Wakapita waandamanaji kwa mamia, wamevaa kofia ndefu zenye ncha, nyuso zimefunikwa, tundu mbili tu za macho. Bibi mmoja kando yangu aliniangalia, akaiangalia sanamu, akanisogezea nafasi mbele yake. Kichochoro cha Conde Negro kiko hatua chache kutoka pale. Nilikitafuta maandamano yalipokwisha, nikakikuta kitupu, matone ya nta hayajafika huko.