Wimbo na Kimya: Ushahidi wa Wanawake wa Mlima Kenya, 1952–1960

Wahakiki wa fasihi ya Mau Mau wamezoea kuuchukulia wimbo kuwa silaha ya mpiganaji. Makala haya yanauchunguza kama ushahidi, na yanauliza: wimbo wa mwanamke aliyedhulumiwa mwilini unasema nini, na unanyamazia nini?

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya lazima. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wanawake walichimbishwa handaki la kuwatenga wapiganaji na jamaa zao. Kijijini walikuwa chini ya homugadi. Wengine walifungwa Kamiti.

Nyimbo zilizokusanywa na Maina wa Kinyatti (1980) husema zaidi kwa nafsi ya wingi: ardhi yetu, kifungo chetu, ukombozi wetu. Ubakaji si miongoni mwa mada zake kuu. Sababu, kwa maoni yetu, imo katika umbo lenyewe. Kiitikio huhitaji kundi zima liitikie. Na ni nani angeitikia jambo ambalo jamii ilimtwika aibu yake aliyetendewa? Kimya hicho, basi, si usahaulifu.

Nathari ndiyo iliyokivunja. Mwaka 1998 Wambui Otieno alisimulia katika tawasifu yake jinsi alivyobakwa kizuizini Lamu. Mwaka 2012 Jane Muthoni Mara alitoa ushahidi wake katika Mahakama Kuu jijini London. Mwaka uliofuata Uingereza ilieleza majuto na kukubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Wote wawili walisema "mimi". Mahakama hudai mwili mmoja, mahali pamoja, tarehe moja. Wimbo huhifadhi yale ambayo sheria haikuyauliza: ni nani waliokuwa handakini pamoja, na walivumilianaje. Hakuna ushahidi mmoja unaotosha badala ya mwingine.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kiirua. Mkusanyiko tulioutaja ni wa nyimbo za Kikuyu. Za Kimeru zingali zaidi vinywani mwa wakongwe, na msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita 90. Mwanafunzi atakayekwenda huko na kinasa sauti aandike wimbo pamoja na kiitikio chake. Na pale bibi atakaponyamaza, akiandike kimya hicho pia, wala asikijaze kwa maneno yake mwenyewe.