Nilichelewa Dakika 12: Historia ya Safari Isiyo na Namba Moja

Wasee, acha nianze na aibu yangu kabla mniulize. Mwezi uliopita niliendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Nanyuki, karibu kilomita 200, tukiwa watu kama 30. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Sheria kubwa ilikuwa moja: ufike ndani ya saa 13 na nusu. Mimi nilifika saa kumi na mbili na dakika 42 jioni. Nimechelewa dakika 12. Kadi yangu ina mihuri ya Thika, Sagana na Karatina, halafu kisanduku cha mwisho kiko tupu.

Kurudi mtaani, swali la kwanza likawa: "Ulikuwa namba ngapi?" Nikasema hakuna namba. Jamaa akacheka. "Sasa mlienda kufanya nini huko kote?"

Hilo swali lilinikaa kichwani mpaka nikaanza kusoma hii kitu ilitoka wapi. Juu hata hizo saa 13 na nusu hazikuokotwa Thika Road. Zilitoka Ufaransa, na zina stori.

Turudi 1891. Baiskeli ilikuwa teknolojia mpya, vile simu ilivyo kwetu. Mwandishi Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal akatangaza mbio kutoka Paris hadi Brest, mji ulio pwani ya magharibi, halafu kurudi Paris. Karibu kilomita 1,200. Wanaume zaidi ya 200 wakajitokeza, Wafaransa watupu. Wanawake hawakuruhusiwa. Barabara ni vumbi na mawe, baiskeli ni nzito na haina gia za kubadilisha. Mlima ukikuja, ni wewe na magoti yako.

Aliyeshinda ni Charles Terront, saa 71 na dakika 22. Hakulala. Mpinzani wake, Jiel-Laval, alikuwa mbele yake mpaka usiku wa tatu, akaamua kufunga macho kidogo. Terront akampita akiwa amelala. Hapo mbio ikaisha.

Stori ya bingwa ndiyo hiyo. Lakini mimi nilivutiwa na wale wengine. Karibu nusu ya walioanza hawakumaliza, na waliomaliza, wengi walichukua siku kadhaa, wakilala na kula njiani. Hakuna aliyewafukuza. Walirudi Paris wakiwa wamechelewa na wamechoka, lakini walirudi. Safari ya watu wa kawaida ilianzia kwa hao.

Mwaka wa 1897, Waitaliano kadhaa waliendesha kutoka Roma hadi Naples, zaidi ya kilomita 200, wakitaka kufika kabla jua lizame. Wakaitwa audax, neno la Kilatini la mtu jasiri. Hakuna zawadi ya pesa. Shindano lilikuwa na jua peke yake.

Wazo hilo likamfikia Henri Desgrange, yule aliyeanzisha Tour de France 1903. Mwaka wa 1904 akaandika sheria za safari za aina hiyo, na klabu ya Audax Club Parisien ikazaliwa kuziendesha. Kwa sheria zake, kundi lote linaenda pamoja nyuma ya kapteni, kwa mwendo mmoja. Ni kama kwaride. Mwaka wa 1921 yeye na klabu wakakosana, na klabu ikaanzisha mtindo wake: kila mtu aende kwa mwendo wake, mradi afike kila kituo kabla muda ufungwe. Unabeba kadi, unagongewa mihuri, unamaliza.

Mpaka leo hesabu ndiyo hiyo duniani kote. Kilomita 200 ni saa 13 na nusu. Kilomita 300 ni saa 20. Kilomita 600 ni saa 40. Ile ya Paris hadi Brest na kurudi, saa 90. Matokeo hayana nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Umemaliza ama hujamaliza.

Sasa sikieni sehemu iliyonimaliza. Mbio ya mabingwa ya Paris na Brest iliendelea kila baada ya miaka kama kumi. Mwaka wa 1901 alishinda Maurice Garin, yuleyule aliyeshinda Tour de France ya kwanza. Mwaka wa 1931 ikafunguliwa safari ya watu wa kawaida kando ya mabingwa, na safari hii wanawake walikuwemo. Baada ya 1951, mbio ya mabingwa ikafa. Mapro walikosa hamu, ilikuwa ndefu mno. Lakini wale wa kadi na mihuri hawakuacha. Siku hizi inafanyika kila miaka minne, na 2023 walijitokeza watu zaidi ya 6,000 kutoka kila pembe ya dunia. Mashindano yalikufa, matembezi yakabaki.

Kwetu Kenya tunajua kushinda. Eliud Kipchoge alikimbia marathon kwa saa 1:59:40 pale Vienna 2019 na nchi nzima ikasimama. Najivunia hiyo kama nyinyi. Lakini imetuharibu kidogo. Tangu nasari unaulizwa umekuwa namba ngapi. Mimi nilitoka kampasi mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu siku hiyo watu wananiangalia kama mbio yangu imeisha. Ama ulishinda, ama ulianguka. Katikati hakuna kitu.

Na si ati mwendo mrefu wa baiskeli ni mambo ya wazungu. Babu yangu alikuwa anaendesha Black Mamba kutoka Kakamega hadi Kisumu, kilomita 50 hivi, akiwa na gunia nyuma, na jioni anarudi. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa Busia, kwa wale waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyewahi kumuuliza babu alifika namba ngapi Kisumu. Aliulizwa kama amefika, na kama sukari imeletwa.

Lakini nisiwadanganye, juu kuna watu wataisoma hii na kusema "kumbe kila mtu ni mshindi." Hapana. Dakika 12 ni dakika 12. Nilikaa sana Sagana nikila chapati, halafu ule mlima wa kuelekea Karatina ukanimaliza, nikasukuma baiskeli kwa miguu. Wenye kadi hawakunionea huruma. Muda ulikuwa umefungwa na kisanduku kikabaki tupu. Naona ni sawa. Wangenigongea muhuri, ingekuwa uongo, na ningejua.

Kilichonigusa ni kitu kingine. Jamaa mmoja alikuwa amefika saa tisa mchana. Angekuwa ashaoga, ashalala. Nilipofika nikamkuta bado amekaa pale nje na wengine, na chai kwenye thamosi. Akanimiminia, akaniuliza swali moja tu: "Safari nyingine ni lini, utakuja?"

Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo tangu nitoke kampasi. Wote huuliza kwa nini nilitoka.

Kadi nimeibandika ukutani. Nimeanza kuweka pesa za taya mpya, na fomu ya kurudi darasani pia nimeichukua, hiyo ni stori ya siku nyingine. Kwa yule jamaa wa mtaani: sikuwa namba yoyote. Nilichelewa, na naenda tena.