Cheti cha Wazimu

Kama ushawahi kumaliza hata msimu mmoja wa House, mapishi yake unayajua. Mtu anaanguka kabla wimbo wa kufungulia haujalia. Madaktari wanakaa mbele ya ubao mweupe, wanataja ugonjwa, wanampa dawa, mgonjwa anazidiwa. Wanataja wa pili, figo zinagoma. Halafu, dakika chache kabla ya mwisho, House anaambiwa kitu kisichohusiana na lolote, anakodoa macho, anatoka bila kuaga, na jibu lishapatikana. Iliendelea hivyo kutoka 2004 hadi 2012, misimu 8, vipindi 177. Sisi wa Tuwan tuliipata kwa flashi kutoka duka la muvi, na kuna wakati mtu akikohoa tu kwenye ploti hakukosi mjuaji wa kusema ni lupasi.

Naipenda, sitadanganya. Lakini kuna kitu inafundisha kinyemela: kwamba daktari akikupa ugonjwa usio wako, ni kwa sababu ugonjwa wenyewe umejificha. Kila mtu kwenye chumba kile anatafuta ukweli, na kosa ni ngazi tu ya kufikia jibu. Mtu aliyelelewa mtaa ambao kila homa ni "malaria na taifodi" anajua mambo huwa tofauti. Kipimo cha Widal kilibuniwa 1896, na mpaka leo kuna vyumba Kitale hii ambamo ndicho kinaamua utameza nini, hata kama kingamwili kinachoziona ni za homa ya zamani iliyokwisha kitambo. Hilo ni kosa la uvivu na la umaskini, na linauma. Ila kuna aina nyingine, ambayo sirizi za hospitali huwa haziigusi: mtu anapewa jina la ugonjwa kwa sababu jina hilo linamfaa anayelitoa.

Sinema iliyonionyesha hili vizuri ni Changeling ya Clint Eastwood, ya 2008. Si muvi ya kibanda cha video, huko tunataka ngumi na DJ Afro akituelezea. Ni kisa cha kweli cha Los Angeles, mwaka wa 1928. Christine Collins alipotelewa na mwanawe, Walter. Polisi wakamletea kijana mwingine, wakamwambia ndiye huyu. Mama aliposhikilia kwamba si yeye, wakampeleka wodi ya wagonjwa wa akili. Huko ndani akilia ni dalili, akitulia pia ni dalili. Hakuna aliyekuwa akiuliza anaumwa nini, maana ugonjwa wake ulikuwa kuwaaibisha polisi.

Nikimaliza kuitazama nilimfikiria mtu wetu. Ukipanda matatu hapa Kitale kwenda Kimilili, safari ni fupi, na huko ndiko alikotoka Elijah Masinde. Elijah, si Muliro. Nawajua nyinyi. Masinde Muliro ni yule mwanasiasa, chuo cha Kakamega ni chake. Huyu wetu hana chuo.

Alizaliwa karibu 1910, na kabla ya kuwa nabii alikuwa mchezaji. Aliongoza timu ya Kimilili, na 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage. Alisali kanisa la Friends, wakakosana alipooa mke wa pili. Akafanya kazi ya kupeleka samansi za baraza la wenyeji. Yaani milango ile michache ambayo mkoloni alimwachia Mwafrika, yeye alikuwa ameshaipitia: mpira, kanisa, mahakama. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akageuka, akaanza kuhubiri Dini ya Msambwa. Msambwa ni roho za mababu. Ujumbe wake haukuwa na kona: watu wairudie dini ya mababu, ardhi irudi kwa wenyewe, Wazungu waondoke.

Mwaka wa 1944 alikataa vijana wasichukuliwe kwa nguvu kufanya kazi za vita, na akawaambia watu wasing'oe gugu fulani ambalo idara ya kilimo ilikuwa imeamuru ling'olewe. Unaweza kucheka, ati mtu anapigania gugu. Lakini fikiria ukiamriwa kuinama kwenye shamba lako na mtu ambaye tayari amechukua mashamba ya Trans Nzoia yote, hii ambayo leo tunaita nyumbani. Akashtakiwa, akafungwa. Halafu mwaka wa 1945, badala ya kurudi nyumbani, akapelekwa Nairobi, hospitali ya Mathari, kama mwendawazimu. Akakaa huko mpaka 1947.

Ninavyoona mimi, serikali ilikuwa na tatizo ambalo jela haikuweza kulitatua. Mfungwa akitoka anaitwa shujaa. Kichaa akitoka, kila alichosema na atakachosema kina maelezo tayari. Na maneno yake, ukiyasikiliza kwa masikio ya ofisa wa wilaya wa wakati huo, yalisikika kama wazimu kweli: Mwingereza ametoka tu kushinda vita vya dunia, na tarishi wa zamani kutoka Kimilili anasema ataondoka Kenya. Miaka 18 baadaye bendera ilishushwa.

Kuna mtu ataniambia, lakini jamaa alisema Mungu anaongea naye, hiyo si dalili? Swali zuri. Jibu linategemea unauliza ukiwa wapi. Babukusu wana omung'osi, mtu anayeona yajayo na kuyasema mbele ya watu, na kabla ya Masinde alikuwepo Mutonyi wa Nabukelembe, ambaye inasemekana alitabiri kuja kwa Wazungu wenyewe. Bungoma, mtu kusikia sauti ya mababu kulikuwa na jina, na jina lenyewe halikuwa la ugonjwa. Daktari asiyejua jina hilo atatafuta jingine kwenye kitabu chake.

Na daktari mwenyewe alikuwa nani? Mathari ya miaka ile ilisimamiwa na J. C. Carothers, kuanzia 1938 hadi 1950. Alipokabidhiwa hospitali hiyo alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Kutoka kwa wagonjwa wa wodi zile akajenga nadharia ya akili ya Mwafrika mzima. Mwaka wa 1951 aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu ambaye ubongo wake wa mbele umekatwa kwa upasuaji. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Na 1954, Mau Mau ikiwa imepamba moto, serikali ya Kenya ikamtuma aeleze Wakikuyu wana nini. Ripoti yake ilisema shida ni akili iliyokwama kati ya mila ya zamani na usasa. Suala la ardhi halikupewa nafasi ya ugonjwa mkuu. Yaani kilichofanyiwa mtu mmoja wa Kimilili sasa kilikuwa kinafanyiwa kabila zima, na hapa mgonjwa hakuhitaji hata kuonwa.

Mwaka uliofuata ikatoka Simba, filamu ya Uingereza ya 1955 kuhusu Mau Mau, Dirk Bogarde akiwa nyota. Humo kuna daktari Mwafrika, Peter Karanja, aliyeigizwa na Earl Cameron. Yeye ni mtulivu, anafanya kazi pamoja na Wazungu. Babake ndiye kiongozi wa Mau Mau. Ukiitazama ukiwa umesoma habari za Carothers, unaona ni ripoti ile ile, safari hii ina rangi na muziki: Mwafrika aliyepona upande huu, aliyeugua upande ule.

Halafu One Flew Over the Cuckoo's Nest, ya 1975. McMurphy anajifanya kichaa ili akwepe kazi za jela, na hospitalini anagundua kwamba jela angalau ina tarehe ya kutoka. Mwishoni wanampasua ubongo wa mbele. Ukumbi mzima huwa unanyamaza hapo. Mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine: adhabu ile ambayo Hollywood iliweka mwisho kabisa ndiyo Carothers alisema sisi tumezaliwa nayo.

Masinde alitoka Mathari 1947. Miezi michache baadaye alikusanya maelfu ya watu Chetambe, pale Waingereza walipowaua Babukusu mwaka wa 1895, wakawaombea wafu wao. Tarehe 10 Februari 1948, polisi walifyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akasafirishwa Lamu, akakaa mpaka 1961. Safari hii hakuna aliyetafuta cheti cha daktari. Serikali huru nayo iliipiga dini marufuku, mwaka wa 1968, na yeye akarudi jela zaidi ya mara moja kabla ya kufa 1987. Mpaka leo, ukimtaja kwa wazee wa hapa Tuwan, kuna atakayetikisa kichwa kwa heshima, na kuna atakayezungusha kidole pembeni ya sikio.

Ningepewa kamera, nisingeanza na Malakisi. Ningeanza Mathari, chumba kidogo, meza moja, watu watatu: daktari, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa, na mkalimani. Daktari anauliza sauti hizo ni za nani. Masinde anajibu kwa neno moja. Kamera ibaki kwa mkalimani, akitafuta namna ya kulisema kwa Kiingereza.