Wageni wa Rumanyika

Katika siku za mwisho za Novemba mwaka 1861, Waingereza wawili walifika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Hao walikuwa John Hanning Speke na James Augustus Grant (huyu wa pili kwa hakika alikuwa Mskoti, lakini wenyeji hawakuwa na haja ya kutofautisha). Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, kila mmoja ana umri wa miaka 34, na walikuwa wakitafuta chimbuko la mto Naili. Vitabu vya shule vimezoea kuwapitisha Karagwe mbio mbio, kana kwamba palikuwa kisima cha kunywea maji njiani. Lakini Speke alikaa yapata wiki sita, na Grant alikaa karibu miezi mitano. Mtu aliyekaa miezi mitano si mpita njia tena. Ni mkaazi, naye ahitaji maziwa, dawa, na mtu wa kuzungumza naye jioni. Wote wawili waliandika habari za maisha hayo, Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, na Grant katika chake cha mwaka 1864. Twapenda kuvisoma vitabu hivyo leo pasipo kuutazama sana mto Naili, tuitazame zaidi nyumba iliyowapokea.

Jambo la kwanza walilokutana nalo ni lugha. Walipoingizwa ndani walimkuta Omukama ameketi pamoja na nduguye Nnanaji, naye akawaamkia kwa Kiswahili kizuri. Neno hili Speke ameliandika mwenyewe, nasi twaomba lisipitwe. Mwaka 1861 hapakuwa na serikali ya Wajerumani wala ya Waingereza katika nchi hii, wala shule, wala redio. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika katika baraza la Karagwe kwa miguu, pamoja na misafara ya pembe na shanga iliyotoka pwani kwa njia ya Unyanyembe, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange. Speke kwa upande wake alizoea kusema na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani. Bombay alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani hadi Bara Hindi akiwa bado mtoto, na huko ndiko alikojifunzia lugha hiyo. Basi maneno ya mgeni yalipitia Bara Hindi kabla ya kumfikia mwenyeji, na ya mwenyeji yalitoka kinywani mwake moja kwa moja.

Jambo la pili ni gharama. Tangu walipoiacha Unyanyembe, wageni hao walikuwa wamechoshwa na hongo. Uzinza na Usui kila mtawala aliwazuia mpaka wapime nguo na kuhesabu masinga ya waya. Walipovuka mpaka wa Karagwe waliambiwa kwamba hapa mgeni hatozwi kitu, na kwamba Omukama amewaagiza wakuu wa vijiji wawalishe kwa gharama yake. Speke alisifu sana, na sifa ilistahili. Lakini sisi tuliokulia katika nchi ya wakulima hatuna budi kuuliza kidogo: ndizi zile, kuku wale na rubisi ile vilitoka katika shamba la nani? Mkuu wa kijiji hakulima kwa mkono wake. Katika kitabu cha mgeni ukarimu wote umeandikwa kwa jina la mfalme, na mwenye jembe hakutajwa. Omukama naye alipewa zawadi zake: sanduku la bati, koti, joho jekundu, waya wa shaba na shanga. Hizo zimeorodheshwa moja moja.

Kisha ikaja shida ya maziwa. Katika nchi iliyojaa ng'ombe wenye pembe ndefu, wageni hawakuweza kupata hata tone la maziwa, wala kwa kuomba wala kwa kununua. Sababu ilikuwa mwiko wa wafugaji: mtu anayekula nguruwe, samaki, kuku, au maharagwe, akinywa maziwa ya ng'ombe wao atawaangamiza mifugo. Maskini Speke na Grant walikuwa wamekula kuku na maharagwe njia nzima. Speke alipomweleza Rumanyika jambo hili, Omukama alijibu kwamba walioamini hivyo ni watu maskini tu, na kwa kuwa sasa ameuona uhitaji wa wageni wake, atawatengea ng'ombe mmoja wa kuwakamulia wao peke yao. Hebu tulitafakari jibu hilo. Laonekana kama dharau kwa mwiko, lakini sivyo kabisa. Hakumlazimisha mfugaji yeyote auvunje mwiko wake, wala hakumwacha mgeni alale na kiu. Ng'ombe mmoja alitengwa, na kama mwiko ulikuwa wa kweli, basi hasara ilikuwa ya Omukama mwenyewe. Ofisini tumekwisha kuona mashauri mepesi kuliko hilo yakihitaji vikao vitatu.

Ilipofika Krismasi ya mwaka 1861, Rumanyika alikuwa amesikia kwamba Waingereza siku hiyo hula nyama ya ng'ombe kwa wingi. Akawapelekea ng'ombe wa kuchinja. Mtu asiye Mkristo, asiyepata kumwona Mkristo ila hawa wawili, aliuliza desturi ya wageni wake na kuitimiza.

Aliuliza na mengine. Alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile lile la jana au kila siku hutoka jipya, na kama mwezi hubadili uso wake ili kuwacheka wanadamu. Wako waliosoma maswali hayo wakacheka. Sisi twayaona ni maswali ya mtu aliyekuwa na saburi ya kutazama juu, na tungefurahi kuyasikia katika darasa lolote la kidato cha kwanza.

Maswali ya mgeni yalikuwa ya namna nyingine. Wake wa wakubwa wa Karagwe walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa sana, maana unene ulikuwa ndio uzuri na heshima. Speke alikwenda nyumbani kwa ndugu mmoja wa Omukama akamwomba mke wake ampime, na ili mama yule akubali, Speke naye akamwonyesha mikono na miguu yake mitupu. Alimpima mkono, kifua, paja na muundi, akaandika futi na inchi za kila kiungo. Vipimo vyote vimo katika kitabu hata leo. Jina la mama yule halimo. Ziwa lililo chini ya vilima vya Bweranyange nalo walilibandika jina la Windermere Ndogo, kwa kuwa Grant aliliona linafanana na ziwa la kwao, kana kwamba wavuvi wake walikuwa hawajapata la kuliita.

Hayo ni madogo. Liko moja kubwa. Katika mazungumzo yao Speke alimwambia Rumanyika kwamba yeye Speke alilipenda kabila lake, na kwamba aliamini wametokana na Wahabeshi, watu wa dini ya Kikristo kama Waingereza, ila wao wameisahau. Akataka apewe watoto wawili akawasomeshe Uingereza. Mazungumzo yakawa marefu, yakaingia katika habari za Biblia. Aliporudi kwao, Speke aliandika sura nzima juu ya asili ya wafugaji wa nchi za maziwa makuu, akidai kuwa ni jamii bora iliyotoka kaskazini ikawashinda wakulima, jamii dhaifu. Yeye mwenyewe alikiri kuwa hiyo ilikuwa nadharia yake. Msomaji auone mpango wa jambo hili: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji asili, kisha akaichukua asili hiyo kwenda nayo Ulaya kama habari aliyoikuta Afrika.

Habari ya maziwa na habari ya Krismasi zililala katika kurasa zake, hakuna aliyeziamsha. Nadharia ndiyo iliyosafiri. Wamishonari na watawala waliokuja baadaye waliikuza wakaiita habari ya Wahami. Wajerumani, kisha Wabelgiji, walitawala Rwanda na Burundi kwa kuwagawa watu kwa fikira hiyo. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na mwaka 1994 nchini Rwanda vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa vizuizini na watu wenye mapanga. Hatusemi kwamba Speke aliua. Damu iko mikononi mwa waliomwaga. Lakini mwaka huo huo watu wa Ngara na Karagwe waliona kwa macho yao umati uliovuka mto Kagera, na kambi za wakimbizi zikasimama katika ardhi ile ile ambamo mgeni mmoja, aliyekaa wiki sita, alikuwa amemweleza Omukama asili yake. Mwanahistoria wetu Israel Katoke alitoa mwaka 1975 kitabu kizima juu ya ufalme wa Karagwe na historia ya Wanyambo. Nacho chastahili kuwa mezani kwa mwalimu kabla ya kile cha Speke. Mwalimu wa Igurwa, wa Nyaishozi, au wa upande wa Kyerwa, akipata mwanafunzi aliyesoma mahali kwamba babu zake walitoka Uhabeshi, na amwulize mambo mawili: ni nani aliyesema, na alikuwa amekaa muda gani?

Turudi kwa Grant, maana yeye twampenda zaidi. Mnamo Desemba mguu wake ulivimba ukatumbuka kidonda, akalala kitandani. Buganda hapakuruhusiwa mgonjwa kuingia, kwa hiyo Januari 1862 Speke alikwenda peke yake, na Grant akabaki mikononi mwa wenyeji. Walimganga kwa walivyojua. Walimchanja wakampaka dawa nyeusi ya kuchoma. Walimbandika samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na chumvi na tope la ziwa, ambayo kwa maneno yake haikufanya kazi zaidi ya bandeji iliyobana. Hakupona upesi, lakini hakukosa mtu wa kumjulia hali. Akiwa hapo alichora, alikusanya mimea, na alisikiliza muziki. Ameandika juu ya nanga, chombo cha nyuzi saba, kikipigwa na mwanamke mzee, na kwamba sauti sita katika saba zilipangika barabara kama za muziki wa kwao. Huyu naye alipima, lakini alichokipima ni kile mama yule mzee alichokuwa akikifanya kwa hiari yake, na sikio lake halikudai zaidi ya hapo.

Tarehe 14 Aprili 1862, siku tatu baada ya kutimiza miaka 35, Grant aliiaga Bweranyange akiwa angali hawezi kutembea, wakamchukua kwa machela kuelekea Buganda. Alipofika Uingereza, Waziri Mkuu Palmerston alimtania kwamba ametembea mwendo mrefu, naye kwa neno hilo akakiita kitabu chake kwa maana ya Matembezi ya Kuikata Afrika. Karagwe alitoka amebebwa.