Kitufe cha Kurudi Kilienda Wapi?

Wasee, hebu chukua simu yako uiangalie vizuri. Sio skrini, mwili wenyewe. Pembeni kuna kitufe cha kuwasha na vya sauti. Mbele je? Kioo tupu. Na simu ya kwanza ambayo wengi wetu tulishika tukiwa watoto ilikuwa imejaa vitufe mbele. Vilienda wapi, na nani aliamua viende?

Wengi watakuambia ni maendeleo tu, zoea. Mimi nasema kuna watu walifungiwa nje na hakuna aliyewauliza. Tuanzie mwanzo.

Nokia 1100 ilitoka 2003. Hiyo ndiyo mulika mwizi yenyewe, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haikuwa na kamera wala intaneti, lakini kila kitufe kilikuwa na kazi yake na mahali pake. Halafu shika kabambe yoyote upapase namba 5. Mara nyingi utapata kidoti kimeinuka. Hicho sio urembo. Kinakuonyesha katikati ni wapi hata gizani, hata kama huoni kabisa.

Halafu ikafika 2007. Tarehe 9 Januari, Steve Jobs akasimama San Francisco akaonyesha watu iPhone. Hoja yake ilikuwa kwamba vitufe vya plastiki vimeganda pale pale hata kama programu unayotumia haivihitaji, lakini skrini inaweza kugeuka kuwa chochote. Hoja poa, siwezi kubisha. Lakini hata yeye aliacha kitufe kimoja mbele. Ukipotea, bonyeza, umerudi mwanzo.

Miezi miwili baadaye, Machi 2007, M-Pesa ikaanza hapa Kenya. Watu wakaanza kutuma pesa kwa simu za vitufe, menyu ikiwa ndani ya laini. Kwa hivyo mwaka ule ule wengine walikuwa wanaanza kuondoa vitufe, sisi tulikuwa tunaweka pesa zetu juu yake.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya 2008, ilikuwa bado na kitufe cha kurudi, cha nyumbani, na hata kigololi cha kuviringisha kwa kidole. Huawei IDEOS, ile iliyoingiza Wakenya wengi kwa Android mwaka wa 2011, nayo ilikuwa na vitufe chini ya skrini. Lakini mwisho wa mwaka huo huo Samsung na Google wakatoa Galaxy Nexus, na vitufe vya mbele vikawa picha tu ndani ya skrini. Picha inaweza kujificha. Ukifungua video ijae skrini, inapotea.

2017 ikamaliza mchezo. Galaxy S8 ikatoka bila kitufe cha mbele, iPhone X ikafuata. Ilipofika 2019, Android 10 ikaleta njia ambayo hata picha za vitufe hazipo: unatelezesha kidole kutoka ukingoni ndio urudi nyuma. Hakuna alama inayokuambia hivyo. Lazima mtu akufunze.

Sababu zao zinaeleweka. Kitufe kinakula nafasi ya skrini, kinachakaa, na kila tundu ni njia ya maji na vumbi. Na kusema ukweli, sio kila mtu alipoteza. Tangu 2009 iPhone inaweza kusomea kwa sauti mtu asiyeona, na Android pia ina msomaji wake. Hiyo mulika mwizi haikuwahi kufanya.

Lakini sasa nikuambie kuhusu shosho yangu. Kusoma ni kwa shida, lakini kwa kabambe alikuwa anatuma pesa mwenyewe. Alikuwa amehesabu: chini mara ngapi, bonyeza, namba, PIN. Vidole vyake ndivyo vilikuwa vinasoma. Familia ikamnunulia simu ya tachi ndio tupigiane video. Siku ya kwanza akaniuliza, "Nimeingia hapa, sasa natokea wapi?" Nikamwonyesha kutelezesha. Kidole chake kimekauka kwa miaka ya shamba, skrini wakati mwingine haikihisi kabisa.

Sai PIN yake inajulikana na watu watatu: mimi, binamu yangu, na mtoto wa jirani anayemsaidia. Hakuna aliyemwibia. Lakini mama aliyekuwa anashika pesa zake peke yake, leo lazima aombe. Hiyo ndiyo bei ya kitufe, na haikuandikwa kwa boksi la simu.

Mimi niliacha chuo, sio injinia, na siwezi kuambia hizi kampuni zirudishe plastiki. Lakini simu nyingi za Android bado zina vile vitufe vitatu vya skrini, vimefichwa tu ndani ya mipangilio. Ingia hapo, tafuta usogezaji, chagua vitufe vitatu. iPhone nayo ina kitufe cha duara kinachoelea juu ya skrini, kiko kwa sehemu ya ufikivu. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ocha, kabla ya kucheka mzee kwa sababu amekwama kwa video, chukua simu yake umrudishie mlango wa kutokea. Halafu mfunze kubadilisha PIN, na wewe uangalie kando akiiweka.